Nikichemsha si Inatosha? Majibu ya barua zenu za mifugo

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu nimezisoma zote mara mbili, nyingine mara tatu, zimetoka Chuda, Kange, Mikanjuni, Ngamiani, mpaka Muheza, na karibu nusu yake mmeniuliza jambo moja kwa maneno tofauti, "Bibi, kwani nikichemsha si inatosha?" Nimeona hili tusilipite juu juu. Tanga yetu ni mji wa maziwa, mtu anafuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba kama kwingine wanavyofuga kuku, na kuna nyumba ukiona asubuhi wanakunywa chai ya rangi ujue kuna jambo limewakuta. Kwa hiyo ng'ombe akiumwa, akichomwa sindano, akilishwa kitu kibovu, habari zake zinafika kwenye kikombe cha mtoto kabla hazijamfikia daktari wa mifugo. Nimechagua barua ambazo naona zitawasaidia na wengine, majina nimeyatoa.

Shikamoo Bibi Mifugo. Nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Mama mkwe yuko Pongwe ana ng'ombe watatu, kila Jumapili ananiletea maziwa na mtindi anasema ninywe mtoto awe na mifupa. Juzi nimesikia ng'ombe wake mmoja katupa mimba ya miezi saba na mwaka jana alitupa mwingine. Maziwa nachemsha ila mtindi nakula ulivyo. Naogopa kumwambia ataona namdharau. Nifanyeje? (Mama kijacho, Chuda)

Marahaba mwanangu, na hongera. La haraka kwanza, huo mtindi acha leo, hata uliobaki kwenye friji usiumalizie. Maziwa endelea nayo, yanakufaa kweli, ila uyachemshe mwenyewe mpaka yapande, punguza moto, yapande tena, ndipo uipue.

Ng'ombe kutupa mimba ya miezi saba, halafu banda hilo hilo miaka miwili mfululizo, mtu wa mifugo akisikia hivyo haiti bahati mbaya tena. Kitu cha kwanza tunachofikiria ni brusela, ndio ule wazee wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Sisemi ndio wenyewe, mimba ya ng'ombe inaharibika kwa mambo mengi, hata homa ya bonde la ufa ilivyoingia nchini 2006 na 2007 ng'ombe na mbuzi walitupa mimba na watu walikufa, lakini mpaka damu ipimwe tunachukulia kwamba ugonjwa upo.

Vijidudu vya brusela vinakaa kwenye kondo la nyuma, kwenye majimaji ya uzazi na kwenye maziwa. Binadamu anavipata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika vitu vya uzazi kwa mikono mitupu. Mwanamke mwenye mimba akivipata anaweza kupoteza mtoto, ndio maana nakuandikia kwa haraka hivi.

Nayajua haya mwilini mwangu. Nikiwa bado mgeni kazini niliitwa usiku kumsaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa, sikuwa na glovu, nikaingiza mkono mpaka begani. Baada ya wiki tatu ikaanza homa, inakuja jioni, jasho mpaka shuka linaloa chapachapa, asubuhi naamka mzima naenda kazini, jioni tena. Kiuno na magoti yakawa yananiuma kama kikongwe. Kwenye zahanati moja nikatibiwa malaria mara tatu, nikatibiwa taifodi, sindano na vidonge, ikapita miezi minne mpaka nikakutana na daktari mmoja akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza, "Wewe unafanya kazi gani?" Akanipima brusela nikakutwa nayo. Dawa aina mbili, wiki sita, bila kuruka siku. Kwa hiyo ukienda kliniki usingoje kuulizwa, waambie mwenyewe, nyumbani kwa mkwe wangu ng'ombe wametupa mimba na nimekuwa nakula mtindi wa maziwa mabichi, naomba kipimo. Na ukiona homa za kuja na kuondoka usisubiri siku ya kliniki, na dawa usinunue dukani maana mjamzito anachaguliwa dawa zake.

Sasa huu mtindi. Hapa kwetu watu wengi wanaamini ule ukali wake unaua kila kitu. Hauui. Unapunguza, lakini brusela inaweza kuvumilia ndani ya mtindi siku kadhaa, na mtindi wetu siku ya pili uko mezani. Na si brusela peke yake, kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinapita njia hiyo hiyo ya maziwa mabichi, mtoto anavimba mitoki shingoni nyumba nzima mnashangaa. Sisemi muache mtindi. Chemsha maziwa kwanza, yaache yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mbegu, funika mahali penye joto. Unaganda mzito mzuri kuliko ule wa maziwa mabichi, jaribu uone.

Kuhusu mama mkwe, usianze na maziwa yake. Anza na yeye. Aliyemhudumia ng'ombe siku ile alipotupa mimba ni nani, aliyebeba kondo la nyuma akalitupa ni nani, alivaa nini mikononi? Mwambie, mama nimesoma mahali kwamba ng'ombe akitupa mimba anayehudumia ndiye wa kwanza kuumia, nakuogopea, tumwite mtu wa mifugo awapime. Hapo umempenda, hujamdharau. Kila kata ina ofisa mifugo au anayeihudumia, na Buhuri tuna chuo cha mifugo, hawakosi wa kuuliza. Kondo na kitoto kilichotoka vizikwe shimo refu mbwa wasifukue. Ng'ombe akikutwa na brusela hakuna sindano ya kumponya, anatakiwa aondolewe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, si kuuzwa mnadani kimya kimya akaambukize banda la mwenzio. Kwa mitamba midogo ipo chanjo.

Shikamoo Bibi. Mi kijana nafuga ng'ombe wa maziwa wawili hapa Kange. Mmoja kiwele kilivimba maziwa yakawa na mabonge, nikaenda duka la dawa za mifugo jamaa akanipa OTC, ile antibayotiki ya sindano, nikamchoma mwenyewe siku tatu na nikamwekea dawa ya bomba kwenye chuchu. Kapona, leo siku ya pili tangu nimalize. Wateja wananidai maziwa na nina mkopo wa kikundi. Nikiwauzia wakachemsha si haina shida? Halafu kuna mama ntilie alinilalamikia mtindi wa maziwa yangu haugandi, ni mimi kweli? (Mfugaji, Kange)

Marahaba kaka. Nakushukuru umeuliza, wengi hawaulizi. Ndiyo, huenda ni wewe.

Antibayotiki kazi yake ni kuua bakteria, na mtindi unagandishwa na bakteria, wale wazuri. Ukiona maziwa hayajachakachuliwa, mbegu nzima, joto zuri, halafu siku mbili bakuli limekaa maji maji, hayo maziwa huenda yana dawa ndani. Huyo mama ntilie bila kujua alikufanyia kipimo cha maabara.

Na kuchemsha hakutoi dawa. Hapa ndipo watu wengi tunapojidanganya, moto unaua kidudu kwa sababu kidudu kina uhai, dawa haina uhai wa kuuawa. Baadhi ya dawa zinapungua kidogo kwenye moto, nyingine moto hauzigusi kabisa. Anayekunywa kama ana aleji ya penisilini anaweza kuvimba midomo na kubanwa pumzi, hajui kaipata wapi kwa sababu yeye kanywa chai tu. Asiye na aleji naye anakunywa dozi ndogo ndogo kila asubuhi, na dozi ndogo ndogo ndiyo shule ya vijidudu, vinazoea. Siku mtoto wake anaumwa kweli, anachomwa dawa ile ile, haimsaidii. Wataalamu wanaita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, na mwenzako mimi nimekaa wodini na mtoto wa ndugu yangu aliyebadilishiwa dawa mara tatu. Sitaki nimuone mwingine.

Siku ngapi ungoje? Angalia karatasi ya dawa au ubavuni mwa chupa, pameandikwa muda wa kusubiri kwa maziwa na muda wa kusubiri kwa nyama. OTC ya kukaa muda mrefu mara nyingi ni kama siku 7 kwa maziwa na wiki 3 mpaka 4 kwa nyama, lakini ufuate chupa yako wewe, zinatofautiana. Unahesabu kuanzia sindano ya MWISHO, si ya kwanza. Na kwa kuwa umeweka na ya bomba, fuata ile yenye siku nyingi zaidi. Kwa hiyo siku ya pili bado sana.

Najua inauma. Ng'ombe wa lita 8 kwa siku mara siku 7 ni lita 56 za kumwaga na marejesho ya kikundi hayajui habari za kiwele. Ndio maana nakusihi uuze ya yule mzima peke yake, ukamue mzima kwanza na mgonjwa mwisho, kila mmoja na kitambaa chake. Ya mgonjwa hata ndama sikushauri umpe, vijidudu vya tumboni mwake navyo vinazoea dawa. Mwaga kwenye shimo la samadi. Andika kwa chaki ukutani mwa banda tarehe ya sindano ya mwisho na tarehe ya kuanza kuuza, ili hata asubuhi usipokuwepo mdogo wako asikosee.

Na kiwele kuvimba kinazuilika kwa gharama ya sabuni. Sakafu kavu, mikono imeoshwa, matone ya kwanza ya kila chuchu yakamulie kwenye kikombe cheusi uyaangalie kabla hujaweka ndoo. Mabonge madogo utayaona mapema. Akiumwa tena mwite daktari wa mifugo aje aangalie, muuza duka hajamuona ng'ombe wako.

Bibi habari, mi nakaa Mikanjuni jirani yangu ana ng'ombe wanne banda limeegemea ukuta wetu, yaani harufu tunakula nayo tunalala nayo, masika ndo kabisa maji ya mavi yanapita uani kwangu mpaka karibu na kisima, nina watoto wawili wakubwa matumbo kila mwezi na mdogo ana miezi minne nampa maziwa ya kopo sababu yangu yalikata, maji ya kisima nachemsha siku zote. Hii harufu haitupi ugonjwa? Nimeongea nimechoka, nimshitaki? (Mama wa watatu)

Salama mama, pole sana. Barua yako ndiyo iliyoninyima usingizi, na si kwa sababu ya harufu, ni kwa sababu ya huyo wa miezi minne.

Mama, kuanzia leo maji ya hicho kisima usimkorogee mtoto maziwa, hata uyachemshe saa nzima. Chota ya bomba, au omba kwa mwenye bomba, au nunua ya chupa hiyo kidogo ya mtoto, uyachemshe hayo. Sababu ni hii. Mavi na mkojo wa ng'ombe vikizama ardhini vinageuka nitreti, ni chumvi chumvi fulani inayoyeyuka, huioni wala huionji. Mtu mzima inampita. Mtoto chini ya miezi sita ikizidi inaharibu damu yake isibebe hewa vizuri, anaanza kuwa wa buluu midomoni na kwenye kucha. Na ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke lakini chumvi inabaki pale pale, kwa hiyo unayafanya makali zaidi. Ukimuona ana rangi hiyo usimpake kitu, kimbia hospitali.

Wakubwa matumbo yao ni hadithi nyingine, hapo ni vijidudu vya kinyesi, na kuchemsha kunasaidia kama kweli wanakunywa ya kuchemsha tu. Wanapiga mswaki na maji gani? Wanaoshea maembe na maji gani? Wanacheza wapi masika?

Sisi watu wa Tanga mjini tunakaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe, nendeni mkayaone mapango ya Amboni mtaelewa ninachosema, yale mapango yamechimbwa na maji yanayokula mwamba. Ardhi ya namna hiyo ina nyufa. Utaambiwa kisima kikae mita 30 kutoka kwenye shimo la uchafu na mimi nakubali hiyo ndio ya kuanzia, lakini kwenye mwamba wenye nyufa maji machafu yanaweza kusafiri mbali zaidi bila kuchujwa na udongo. Kisima kijengewe ukingo mrefu na mfuniko, na kipimwe maji, ofisi ya afya ya kata itakuelekeza pa kupeleka.

Harufu sasa. Kinachowasha macho na pua ni amonia, inatoka mkojo ukikutana na mavi. Kwa jirani mara nyingi ni kero zaidi ya sumu, ila nyumbani ukiwa na mwenye pumu inamchokoza, na nzi wanaotoka hapo wanatua kwenye sahani yako, hao ni ugonjwa kabisa.

Kumshitaki, mimi ningeanza na mlango mwingine. Ng'ombe mmoja wa ndani anatoa mavi kilo 15 mpaka 20 kwa siku. Wanne, hesabu kilo 70 hivi, kwa mwezi ni tani mbili. Huyo jirani yako hana pa kuyapeleka, hiyo ndio shida yake, na wewe umemfanya adui wakati mnazama mtumbwi mmoja. Mtambo wa bayogesi wa familia wa mita za ujazo 6 unahitaji kama kilo 40 mpaka 50 za mavi kwa siku zikichanganywa na maji kiasi hicho hicho, yeye anazo na zinabaki. Gesi inapika, mkaa unaachwa, na ule uji unaotoka upande wa pili hauna harufu kali, mboga zinaupenda. Kujenga ni pesa nyingi kwa mara moja, sikufichi, lakini anunue mkaa wa miaka miwili aone. Kama hawezi sasa hivi basi sakafu ya banda iwe na mteremko na mfereji wa kuelekea upande wake, shimo la samadi lifunikwe kabla ya masika, na mavi yazolewe kila siku asubuhi na jioni. Nenda na balozi au mwenyekiti wa mtaa, mkae chini na hayo matatu yaandikwe. Asipotekeleza ndipo uende kwa ofisa afya, halmashauri ina sheria ndogo za kufuga mjini na kazi yake ni kuzisimamia.

Bibi, mahindi yangu yalinyeshewa yameota ukungu hayaliki, nimeyasaga nawapa ng'ombe na kuku. Mke wangu anasema ni sumu, mi nimeyaanika jua kali siku nne ukungu umetoka. Nani mkweli? (Muheza)

Mkeo.

Ukungu umetoka, sumu imebaki. Inaitwa sumukuvu, aflatoksini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yao wenyewe. Ng'ombe akiila, ini lake linaibadilisha kidogo kisha inatoka kwenye maziwa, ndani ya siku moja tu iko kwenye ndoo. Jua haliondoi, kusaga hakuondoi, na kuchemsha maziwa hakuondoi. Inashambulia ini, na kwa mtu anayeipata kidogo kidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini. Kuku ndio kabisa, hawana uvumilivu nayo, wanapunguza kutaga na wanakufa.

Acha leo. Ukiacha, maziwa yanasafika ndani ya siku chache. Hayo mahindi yafukie, usimuuzie mtu wa pumba. Na mashudu mnayonunua wafugaji wote, chekecha mkononi, nusa, yakiwa yameshikana mabonge na harufu ya uvundo yaache kwa mwenyewe hata kama kapunguza bei.

Shikamoo. Mimi mzee wa Ngamiani, jioni baada ya swala lazima mishkaki na asubuhi soseji, vijana wangu wanasema nyama nyekundu saratani. Ni kweli au maneno ya mitandao? (Babu)

Marahaba baba, ingawa naona mimi ndio wa kukuamkia, shikamoo.

Kuna ukweli, na hao vijana wako wamekuelezea vibaya kidogo. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema nyama zilizosindikwa, ndio hizo soseji, zinasababisha saratani ya utumbo mpana, na gramu 50 kila siku zinaongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida wakaiweka kundi la chini yake, kwamba huenda inasababisha. Kwa hiyo kwangu soseji ya asubuhi ndiyo ingeondoka kwanza, ule muhogo au mayai. Mishkaki ufanye siku mbili tatu za wiki, jumla ya nyama nyekundu isipite nusu kilo ya iliyopikwa kwa wiki, na zile sehemu zilizoungua nyeusi zikate. Siku zilizobaki bahari ipo hapo, Deep Sea samaki wanashushwa kila asubuhi.

Na nyama iwe imepita machinjioni ikapigwa muhuri.

Bibi eti kuku wa kisasa wanachomwa homoni ndio maana wasichana wanavunja ungo mapema? (Dada, Sahare)

Hapana dada. Broila anakua wiki tano sita kwa sababu ya mbegu yake na chakula, vizazi vingi wamechaguliwa wanaokua haraka. Hakuna mfugaji atakayechoma sindano kuku mia tano mmoja mmoja kila siku. Cha kuogopa kwa kuku ni kile nilichomwambia kaka wa Kange, antibayotiki kwenye maji ya kunywa mpaka siku ya kuchinjwa, wengine wanawapa hata kuku wasioumwa. Muulize anayekuuzia aliacha dawa lini. Akisita, nunua kwa mwingine. Na kuku mpike akaive mpaka mfupani, ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari.

Shikamoo Bibi. Nipo kidato cha tatu. Mwalimu wa jiografia katufundisha kwamba ng'ombe wanachangia mabadiliko ya tabianchi kwa gesi. Nikamwambia baba, akakasirika, kasema Wazungu wana viwanda na magari halafu wanakuja kumsema ng'ombe wangu, akasema tena kwani kujamba kwa ng'ombe ndio kutamaliza dunia. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Marahaba mjukuu wangu. Wote wawili wana haki, na swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Kwanza mwambie baba kwa heshima kwamba haitoki huko anakodhani, sehemu kubwa sana inatoka mdomoni. Ng'ombe ana tumbo kubwa la kwanza lenye vijidudu vinavyochachusha majani, ndio maana anaweza kula nyasi ambazo mimi na wewe hatuwezi, na uchachu huo unatoa gesi ya methani, anaicheulia nje. Methani ikishika joto la jua, kwa kipimo cha miaka 100, inalishika kama mara 28 zaidi ya hewa ya ukaa, ila haikai sana, miaka kama 12 sehemu kubwa imeisha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2013 lilihesabu mifugo yote duniani ikachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, hapo wanahesabu na misitu inayokatwa kwa malisho na chakula chake, na mavi, na usafirishaji. Hesabu yao mpya ya 2023 imeshuka kwenye asilimia 12. Kwa hiyo mwalimu hajasema uongo.

Baba naye hajakosea anaposema mzigo haulingani. Nchi zilizo na nyama mezani asubuhi mchana na jioni, zenye viwanda na ndege, haziwezi kulinganishwa na nyumba inayofuga ng'ombe wawili wa kusomesha watoto. Ukame ukija, Handeni na Kilindi ndiko ng'ombe wanakufa, na wao hawakuuleta.

Lakini kuna hesabu moja ambayo inamhusu baba hata kama Wazungu wasingekuwepo. Ng'ombe wa lita 2 anacheua kila siku kama anavyocheua ng'ombe yeyote, wa lita 10 anacheua zaidi kidogo kwa sababu anakula zaidi, ila ukigawa kwa lita utaona wa lita 2 ndio mchafuzi mkubwa. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi wao ni wa hao wa lita moja mbili. Wachache wanaolishwa vizuri wanashinda wengi wanaokonda, kwa mfuko wa baba na kwa hewa pia. Matete yakatwe yakiwa bado laini, ukiyaacha yakakomaa ng'ombe anatafuna siku nzima anatoa gesi tu maziwa hakuna. Achanganye na majani ya mti wa lusina na mengine ya jamii ya kunde.

Na jambo ambalo mimi linanigusa zaidi ya gesi, mjukuu wangu, ni maji. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka Mto Zigi, unaanzia huko Usambara Mashariki upande wa Amani, unakuja mpaka bwawa la Mabayani ndio tunapata sisi. Mifugo ikinyweshewa ndani ya mto na kukanyaga kingo, majani yanaisha, masika udongo wote unaingia bwawani na mavi yake, na sisi huku tunafungua bomba linatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtu akipanda matete nje ya hizo mita 60, akachota maji akawapelekea ng'ombe kwenye hori badala ya kuwapeleka ng'ombe mtoni, anakuwa amenisaidia mimi ambaye hanijui na yule mtoto wa miezi minne wa Mikanjuni atakayeanza kunywa ya bomba wiki hii.

Hujaniandikia baba ana ng'ombe wangapi na anawalisha nini. Muulize kila mmoja anatoa lita ngapi asubuhi na jioni, andika wiki mbili kwenye daftari lako la jiografia, halafu mkae pamoja muangalie nani anakula bure. Uniandikie mlichokiona.